Nilimpa Nagona mtu aliyeomba stori ya kulalia

Kuna rafiki yangu alinitumia meseji usiku, "nipe riwaya moja kali, nimechoka kuchezea simu mpaka usingizi unanikimbia." Mi nkaona hapa ndo pa kuonesha kwamba nimesoma. Nkampa Nagona ya Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania. Nkamwambia kitabu chenyewe chembamba, siku mbili umemaliza. Na ni chembamba kweli, hapo sikudanganya, ila ule wembamba ndo mtego wenyewe, maana ukishaingia mle hakuna wa kukushika mkono, mambo yanakwenda kama ndoto ya mtu mwenye homa, mara uko hapa mara uko kule, we unabaki unajiuliza huyu anayesimulia yuko hai au vipi. Baada ya wiki mbili nkamuuliza umefika wapi. Akajibu "ukurasa wa tisa. Nimeurudia mara nne. Nadhani sina akili ya riwaya."

Hiyo sentensi ya mwisho iliniuma jamani. Huyu ni mtu akianza kusimulia safari zake hakuna anayeinuka, anajua pa kunyamaza, anajua pa kuanza upya, halafu anajiona hana akili ya riwaya kwa sababu mimi nilikuwa natafuta sifa.

Nagona naipenda, isieleweke vibaya. Ya 1990 ile, na mwenzake Mzingile akafuata 1991, nimezisoma zote na kuna kurasa bado sijazielewa na wala sina presha. Lakini mi nilizifikia baada ya kupita kwengine kwingi, na hata Kezilahabi mwenyewe hakuanzia huko bana. Alianza na Rosa Mistika, 1971, hajafika hata miaka 30, stori iliyonyooka kabisa ya binti aliyelelewa kwa fimbo na baba mlevi, Zakaria, akatoka kwenda shule hajui lolote kuhusu wanaume zaidi ya kwamba anapigwa akionekana nao. Kuna wakati kilipigwa marufuku mashuleni. Ukikisoma leo unaweza kuona hakuna la kutisha hivo, mpaka ufike mwisho. Hiki nampa mtu aliyeniambia anataka kulia, na simwambii chochote zaidi, namwambia tu asianze kama kesho ana kazi asubuhi.

Basi tangu yale ya Nagona mtu akiniomba riwaya simtajii jina papo hapo. Namuuliza kwanza, kitu gani cha mwisho kilikuchelewesha kulala? Iwe sinema, iwe tamthilia, iwe ugomvi wa majirani ulikuwa unasikiliza dirishani, nataka kujua kilichokushika. Ukimuuliza mtu anapenda riwaya za aina gani anakujibu kama yuko kwenye usaili, atakutajia vitu vya heshima tupu. Ila ukimuuliza habari ya kuchelewa kulala anasema ukweli.

Akisema ni ule ugomvi wa majirani, yaani anapenda kujua nani kamfanya nini nani, moja kwa moja namtuma kwa Bwana Msa, mpelelezi wa riwayani. Mzimu wa Watu wa Kale, Muhammed Said Abdulla, 1960. Maiti imekutwa mzimuni, kila mtu ana lake la kusema, na katikati yao kuna huyu mzee na kiko chake anasikiliza, anauliza visuali vidogo vidogo ambavyo we msomaji unavipita tu, kumbe vina kazi huko mbele. Utamu wa Bwana Msa kwangu mimi si hata kujua muuaji. Ni maongezi. Watu wa mle wanabishana kama watu kweli, wanakatizana, wanazunguka, kuna mahali nilicheka peke yangu kwenye gari watu wakanigeukia. Zipo nyingine za Bwana Msa, Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, lakini anza na hii.

Akisema ni sinema za mapigano basi namtuma kwa Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Musiba, anzia Kufa na Kupona ya 1974, au Joram Kiango, mpelelezi wa Ben Mtobwa. Kuna watu wanakunja pua wakisikia haya majina, eti si fasihi. Mi nimewaona hao hao wakiazima kimya kimya. Na wengi tunaosoma haya mazito leo tulijifunzia mle kukaa na kitabu saa tatu bila kuinua kichwa, hilo nani alitufundisha kama si Willy Gamba?

Sasa kuna kundi gumu kuliko yote, wale ambao shule iliwaharibia. Hawa ukiwatajia riwaya ya Kiswahili wanasikia "jadili maudhui kwa kutumia hoja sita". Nina kopi ya Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi, niliyoipata ikiwa imeshapita mikono mingi, na mwenye nayo wa mwanzo alikuwa mwanafunzi, unaona tu. Penseli kila mahali. Pale mwanzo ambapo Yasmin wa miaka 15 anaozwa kwa Bwana Raza mwenye 52, kaandika pembeni NDOA YA KULAZIMISHWA kwa herufi kubwa, kapiga na mstari chini mara mbili. Akitokea Mwajuma, kaandika "mhusika, rafiki wa kweli". Akija Denge na siasa zake za kupinga ukoloni, "ujasiri", "kinaya", "taz. swali la 4". Kurasa zinakwenda hivo hivo, yaani hakuna aya iliyoachwa ipumue. Halafu kama katikati hivi penseli inakatika. Hakuna kitu. Kurasa na kurasa nyeupe pembeni, mpaka karibu na mwisho kabisa ndo unakuta neno moja, dogo, limeandikwa kwa haraka: "Yasmin!!"

Mi sijui huyo mtu ni nani wala kama alifaulu huo mtihani, ila najua kabisa pale katikati kilimtokea nini, kwa sababu kilinitokea na mimi. Alisahau swali la 4.

Kwahiyo mtu wa kundi hili nampa kitabu kilekile alichosomea mtihani. Ndio, kilekile. Anashangaa kwanza. Namwambia kisome bila kalamu mkononi, ukichoka funga, ukipenda ruka. Adam Shafi anakubeba mwenyewe, huyu bwana kwenye Kuli ya 1979 aliweza kufanya mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja wa 1948 usomeke kama unamsikiliza ami yako anakuhadithia, seuze hii yenye mapenzi ndani. Na kama umeona sinema yake iliyotoka 2021, bado soma, kitabuni kuna watu wengi zaidi na unakaa nao muda mrefu.

Shaaban Robert hapa najua ntagombana na watu. Wengi wanasema anza na Shaaban ndo baba wa riwaya. Mi nasema msubiri kidogo. Kusadikika (1951) ni nchi inayoelea hewani, Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha watu sheria, anajitetea siku sita mbele ya wakubwa, na wahusika wote majina yao ndo tabia zao, waziri anaitwa Majivuno, huna haja ya kuuliza zaidi. Ukikisoma haraka kama riwaya za leo utaona kama unahubiriwa. Kisome kwa sauti, kurasa chache kwa siku, lile fumbo la mtu anayeshtakiwa kwa kutaka watu wajue haki zao lenyewe litakukaa. Utubora Mkulima lakini sikuweza, nimejaribu mara mbili, nisameheni.

Siku Njema ya Walibora nawapa watu walio mbali na kwao. Kongowea Mswahili amefiwa na mama yake mwimbaji, anakwenda kumtafuta baba asiyemjua, basi, hiyo inatosha. Na hili nalisema kwa uchungu, ukimpendekezea mtu riwaya usimwage mtama kwenye kuku wengi. Kuna mtu aliwahi kunisimulia mwisho wa Kichwamaji, riwaya nyingine ya Kezilahabi, eti ili nipate hamu ya kusoma. Hamu ya nini tena? Sentensi mbili za mwanzo wa stori zinatosha, zaidi ya hapo unamlia mwenzako mali yake.

Za kutafsiriwa nazo zina nafasi. Shujaa Okonkwo ya 1973, yaani Things Fall Apart ya Chinua Achebe kwa Kiswahili, naona mtafsiri wake Ndulute alimtendea haki Achebe. Sasa hivi nimo ndani ya Peponi, ile ya Gurnah aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel, na kila nikimsoma Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la babake, nasikia kama Kiswahili kilikuwa kinasubiri chini ya ile Kiingereza muda wote. Nasoma taratibu makusudi, sitaki iishe.

Yule rafiki wa Nagona nilimpa Mzimu baadae, baada ya kumwomba radhi. Alimaliza kwa siku nne, akanipigia saa sita usiku kubishana kuhusu mtu mmoja mle anayedai alimshuku toka mwanzo. Muongo.

Nachotafuta sasa ni riwaya ya kuchekesha, ya kucheka hasa, sina nyingi, nitajieni. Na wewe uliyeazima riwaya yangu ya Kiu, ya Mohamed Suleiman, "kwa wikendi moja", ni mwaka wa tatu huu. Najua unasoma hapa. Hata kama jalada limetoka, lete hivo hivo.