Goti la Simba na Swali la Nani Amempiga

Tangu mbwa wetu Simba aanze kuchechemea, kila anayepita langoni kwetu hapa Kiamunyi ana swali lile lile: "Nani amempiga?" Kijana anayeleta maziwa anaamini ni jiwe la watoto wanaokata njia nyuma ya ua wakitoka shuleni. Jirani yangu, mzee anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa na ambaye hajawahi kumpenda mbwa huyu, anasema kwa yakini kwamba alimwona akikoswakoswa na bodaboda karibu na duka. Mlinzi wa ploti inayojengwa mkabala nasi naye ana mshukiwa wake, ambaye sitamtaja. Nimewasikiliza wote kwa heshima, kwa sababu katika mtaa ambapo mbwa hurushiwa mawe bila sababu swali lao si la kipuuzi. Hata hivyo, kadiri nilivyomtazama Simba ndivyo nilivyozidi kuona kwamba huenda hapakuwa na siku ya tukio. Alichechemea alfajiri alipoamka, akatembea vizuri jua lilipopanda, kisha akachechemea tena jioni baada ya kumkimbiza paka. Mguu uliovunjika haupoi na kurudi kwa zamu namna hiyo.

Nilianza kwa kumtazama kabla ya kumgusa. Nilimwomba binti yangu amtembeze kwa kamba kwenye lami, aende na kurudi mbele yangu, kwanza polepole kisha kwa mwendo wa haraka kidogo, kwa kuwa kwenye nyasi ndefu huwezi kuiona miguu ya mbwa vizuri. Mbwa hubeba takribani asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na akiumia mguu mmoja wa mbele kichwa chake hupanda kila mguu huo unapokanyaga na kushuka unapokanyaga ule mzima, maana anajaribu kuupunguzia mzigo ule wenye maumivu. Kichwa cha Simba kilitulia. Kilichokuwa kikipanda ni upande wa kulia wa nyonga, na hatua ya mguu huo wa nyuma ilikuwa fupi. Nililiona pia jambo ambalo daktari alilipa uzito mkubwa baadaye: alipoketi hakuukunja mguu wa kulia chini yake kama ilivyo kawaida ya mbwa, bali aliutoa kando, akaegemea upande wa kushoto.

Ukaguzi wa mikono niliuanzia chini, kwenye nyayo, kwa sababu sababu nyingi za mbwa kuchechemea hupatikana huko na nyingi kati yake ni rahisi kutibu. Upande huu wa Nakuru ardhi yenyewe ina makali. Miteremko ya Menengai ina mawe meusi ya volkeno yanayopasuka kwa ncha kali, ya aina ile ambayo watu wa kale wa Hyrax Hill, kilima cha mabaki ya kale hapa Nakuru, waliichonga kuwa visu, na pasipo na mawe hayo pana miiba ya migunga na vipande vya chupa. Nilimfunga mdomo kwa kitambaa laini kilichozungushwa juu ya pua na kufungwa nyuma ya masikio, ingawa ananijua tangu alipoachishwa kunyonya, maana mbwa mwenye maumivu hachagui mkono wa kuuma. (Kitambaa hicho hakifai kwa mbwa anayetapika au anayepumua kwa shida.) Nikapitisha kidole kati ya vidole vyake, nikaangalia kila ukucha kama umepasuka hadi kwenye mzizi, nikatafuta kupe, kisha nikapanda polepole: kifundo, muundi, goti, paja, kila hatua nikilinganisha na mguu wa kushoto. Nyayo zilikuwa safi. Lakini goti la kulia lilikuwa na unene mgumu upande wa ndani ambao la kushoto halikuwa nao, na paja la kulia lilikuwa limekonda waziwazi.

Paja hilo ndilo lililomwondolea lawama mtu wa bodaboda. Msuli haukondi usiku mmoja. Huchukua majuma ya mguu kutobebeshwa uzito wake sawasawa. Kwa hiyo wakati majirani walipoanza kuuliza, jambo lenyewe lilikuwa limeanza zamani.

Sisemi kwamba kila mbwa anayechechemea asubiri kutazamwa hivi. Asiyeukanyaga mguu kabisa, ambaye mguu wake umepinda isivyo kawaida, aliye na jeraha linaloonyesha mfupa, au aliyegongwa na gari kisha fizi zake zikapauka, huyo apelekwe saa hiyo hiyo, akiwa amelazwa juu ya ubao au blanketi lililovutwa pande zote. Tena kuna homa. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza vimelea vinavyoleta homa na maumivu ya viungo, na mbwa wa namna hiyo anaweza kuchechemea mguu huu leo na ule kesho. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 hivi, yaani mbwa mzima ana joto ambalo kwa binadamu tungeliita homa.

Mzee jirani, kwa wema kabisa, alinijia na chupa ya dawa ya sindano iliyobaki baada ya ng'ombe wake kutibiwa. Wengine walinishauri nimpe vidonge vya maumivu tunavyomeza sisi. Nilimshukuru mzee na nikakataa, na nadhani nilikuwa mkali kuliko ilivyopasa, lakini katika jambo hili sina uvumilivu. Ibuprofen na diclofenac, ambazo huuzwa katika kila duka la dawa mjini, zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake hata kwa kiasi ambacho mtu mzima hukinywa bila wasiwasi, na paracetamol nayo inaweza kumdhuru ini. Tena dawa ya kuondoa maumivu bila kujua chanzo chake humfanya mbwa akimbie kwa mguu mbovu.

Daktari wa mifugo tuliyempata amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, jambo ninaloliuliza kila mara kwa sababu koti jeupe halimtofautishi daktari na muuza dawa wa agrovet. Alimtazama Simba akitembea, akamtazama akiketi, akatabasamu kidogo. Kisha alimchoma sindano ya kumlegeza, kwa maelezo kwamba misuli iliyokaza huficha anachokitafuta, akashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, akausukuma muundi mbele. Ulitoka kidogo, kama droo ya meza isiyofungwa vizuri. Goti la kushoto halikusogea. Picha ya eksirei ilithibitisha kwamba hapakuwa na mfupa uliovunjika. Kano yenyewe haionekani kwenye picha, ila maji yaliyojaa ndani ya goti na mifupa iliyoanza kuota kingo mpya vilionekana. Hitimisho lake likawa kwamba kano ya mbele ya goti, ile inayouzuia muundi usitoke mbele, imechanika, inavyoelekea kwa sehemu tu.

Nilimuuliza, kwa ajili ya mtaa mzima, ni nani aliyempiga. Akajibu kwamba mcheza kandanda hukatika kano hiyo kwa tukio moja analoweza kulisimulia, lakini kwa mbwa wengi huchakaa uzi baada ya uzi kwa miezi, na siku inapoachia mbwa huenda alikuwa akigeuka tu uani. Uzito huharakisha mambo. Simba alisoma kilo 38 kwenye mizani, naye daktari anataka ashuke hadi 32. Ugali na mapupu ya bucha vimepunguzwa, na wageni wamekatazwa kumrushia chapati.

Kuhusu tiba, hakunificha kitu. Mbwa wadogo, wa chini ya kilo 15 hivi, wengi hupata nafuu kwa mapumziko na dawa. Wakubwa kama Simba kwa kawaida huhitaji upasuaji ili goti litulie. Upo ule wa kufunga uzi imara nje ya kiungo, na upo ule wa kuukata muundi kwa juu, kuuzungusha na kuushikilia kwa bamba na skrubu, ili mteremko wa mfupa usiendelee kulisukuma goti. Huu wa pili huwafaa zaidi mbwa wakubwa, na gharama yake si ya kufumba macho. Tumekubaliana kuanza na uzito, mapumziko, na dawa ya maumivu ya mbwa anayopewa pamoja na chakula, kwa kuwa hata daktari wa upasuaji angependa kumpokea akiwa mwepesi.

Sehemu ngumu ni mapumziko. Mbwa wa hapa kwetu hufungiwa mchana na kuachiwa usiku, na bango la "Mbwa Kali" langoni linamhusu yeye. Sasa usiku yumo bandani akibweka kwa hasira ya kufungiwa, na mchana anatembezwa kwa kamba fupi hadi kwenye kona na kurudi, bila kukimbia, bila kuruka, bila ngazi. Sebuleni tumetandika magunia juu ya vigae ili asiteleze. Mzee aliegemea ua akatutazama tukipita, akaniuliza, "Sasa mwalimu, mbwa asiyefanya kazi unamlishia nini?"

"Mzee wangu, ng'ombe wako akikauka maziwa si bado unampa nyasi?"

"Ng'ombe atazaa tena."

Sikuwa na jibu la haraka, na nimelifikiria swali hilo kuliko lile la nani amempiga. Ng'ombe wake akichechemea, daktari huitwa kabla chai haijapoa, kwa sababu maziwa yana bei na hasara yake huonekana asubuhi hiyo hiyo. Kazi ya Simba haina daftari. Usiku ambao hakuna aliyeruka ua hauhesabiwi popote. Lakini hata nikiuhesabu, naona hesabu hiyo si yangu. Simba hakuomba kuwa mlinzi wa mtu, na goti linamuuma sawasawa, awe anabweka langoni au amelala juu ya gunia.

Kwa sasa nampima mapaja kila Jumamosi kwa utepe wa fundi cherehani, mahali pale pale, mguu ukiwa umenyooshwa vile vile. La kulia limeanza kujaa. Goti la kushoto nalo nalipapasa, kwa kuwa karibu nusu ya mbwa waliochanika kano ya goti moja huja kuchanika na ya pili. Daktari anataka kumwona tena kabla ya mvua za vuli, akiwa amepungua kilo walau tatu, na hapo ndipo tutakapoamua kuhusu upasuaji.