Moshi wa maharagwe yangu

Jumapili nilijiona mjanja. Badala ya kumaliza gesi, niliwasha jiko la makaa kwenye balkoni, nikabandika maharagwe. Yale ya nyayo, yanayochemka saa mbili na bado yanakukazia macho. Sisi tuko orofa ya pili hapa mtaa wa Pipeline, Nairobi, na majengo ya huku yamebanana hadi unajua jirani anakaanga nini. Moshi ukapanda.

Saa kumi jioni hodi. Mama Halima wa orofa ya tatu, mkononi shati jeupe la shule. "Mama Brayo, hebu nusa." Nikanusa. Nyama choma bila nyama. Na maji yetu ni ya mgao. Hayo ya kufulia alikuwa ameyanunua kwa mtungi.

Kumbe katika hesabu yangu ya kuokoa gesi kulikuwa na mstari nisiouona, na aliyekuwa akiulipa ni yeye. Mwanauchumi Mwingereza Arthur Pigou aliyaandika haya mwaka 1920, akasema anayewatia wenzake hasara ya namna hii atozwe kodi. Mimi nilitozwa mtungi wa lita 20, nikaongeza bakuli la maharagwe. Baba Brayo, aliyekula sahani mbili, hakuchangia hata shilingi.