Zima Taa

Juzi umeme ulikatika saa mbili usiku, tuko mezani. Kitinda mimba wangu akawahi simu na kuwasha tochi, nami nikajikuta nimeropoka, "Zima!" Mtoto akaganda, kijiko mkononi.

"Kwani kuna nini, mama?"

Hakukuwa na kitu. Ilikuwa Bali tu, kile kisiwa cha Indonesia, imenirudia.

Ile safari sitaisimulia tena, najua mmeichoka. Itoshe kwamba Machi 2019 nilikuwa nimepanga chumba katika mji wa Ubud, ndani ya ua wa familia. Ukivuka lango tu unakutana na ukuta mfupi umekuzibia njia, mpaka uuzunguke. Bapak alinieleza kuwa mashetani hujua kwenda moja kwa moja tu, kona hayawezi. Bapak ni baba, Ibu ni mama, na sikuwahi kuwaita vinginevyo. Mtoto wao wa kwanza ni Wayan, jina wanalopewa wazaliwa wa kwanza wengi kule, kwa hiyo ukiliita njiani wanageuka watu watatu.

Na Ibu tuliongea kwa maneno ya kuokoteza. Sabuni kwao ni *sabun*, meza ni *meja*, habari ni *kabar*. Kila asubuhi alikuwa akiweka vikapu vidogo vya majani ya mnazi kila mahali, vyenye maua, chembe za wali na kijiti cha ubani: kwenye vidaka vya hekalu la nyumbani, jikoni, hata kwenye ngazi ya chumba changu. Siku ya pili nilikikanyaga kimoja. Ibu akasema tu "tidak apa-apa", yaani haidhuru, akaleta kingine.

Halafu ikaja Nyepi, mwaka mpya wao. Jioni ya kuamkia walizungusha masanamu ya mashetani barabarani, makubwa kuliko daladala, kwa ngoma na makelele. Kesho yake, Machi 7, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi inayofuata, kisiwa kizima kilifungwa. Hakuna kutoka, hakuna kazi, hakuna moto wala taa. Uwanja wa ndege umefungwa, intaneti ya simu imekatwa. Wanasema mashetani yakipita juu yaone giza, yadhani hapana watu, yaende zake.

Usiku haukuwa na mwezi. Nyota zilikuwa nyingi mpaka nikaona aibu, kama nimechungulia chumba cha watu. Nilipobanwa na haja, nikajifunga kanga, nikatoka barazani kutafuta ndala. Sikuziona. Nikawasha tochi ya simu. Sekunde tano? Haziwezi kuzidi kumi.

"Lampu!"

Sauti ilitoka nje ya lango. Walinzi wa mtaa, wale wanaovaa vitambaa vya drafti nyeusi na nyeupe. "Lampu!" tena. Badala ya kuzima, nikaichomeka simu ndani ya kanga, tumboni, nikasimama kama mwizi. Sasa, kanga ya pamba ni nyepesi, mnaijua. Mwanga ukapenya, na pale kwenye kitovu changu, katikati ya kisiwa kilichozimwa chote, maandishi yakasomeka kama bango la duka: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Bapak akatokea gizani, pekupeku. Akatazama maandishi. Akanitazama mimi. Hakusema neno, alinyoosha mkono tu, nami nikampa simu. Akaizima, akauzunguka ule ukuta taratibu akaenda langoni. Nilimsikia akiongea kwa sauti ya chini, ile ya mtu mzima anayeombea mtoto wa mwingine msamaha. "Maaf," nilisikia, halafu tena "maaf". Mara tatu. Mimi nimekauka palepale barazani, haja yenyewe imenipotea.

Asubuhi simu niliikuta juu ya meza, pembeni ya chai. Hakuna aliyeligusia. Nilijaribu kumuuliza Wayan kama mtaa uliwatoza faini. Akacheka, akaniuliza kama Tanzania kuna nyoka wakubwa.

Siku ya kuondoka niliacha rupia chini ya mto, nyingi kidogo, pamoja na ile kanga nimeikunja vizuri. Gari limeshawashwa, Ibu akatoka mbio na noti mkononi. "Lupa! Lupa!" Umesahau. Kanga hakuirudisha. Nikatikisa kichwa, nikamrudishia noti mkononi, naye akazirudisha kwenye mkoba wangu na kufunga zipu kabisa. Kwa maneno ya sabuni na meza, ningemweleza nini?

"Sasa walilipa faini au hawakulipa?" mtoto akauliza.

Nikamwambia ale, ugali unapoa.