Mkonga Ndani ya Chandarua

Leo ni usiku wa 63 tangu nianze kulala na mashine ya kunipulizia hewa. Mashine inahesabu, na mimi nahesabu pia, kwenye daftari la kurasa 96 ambalo lilikuwa la maandalizi ya masomo. Ukurasa wa kwanza bado una ngeli ya KI-VI.

Nianze na uongo wangu. Miezi mitano iliyopita daktari mmoja wa Kampala aliniuliza, "Mama, unakoroma?" Nikamjibu, "Hapana, Daktari. Labda siku nikichoka sana." Mume wangu alikuwa ameketi pembeni, kofia yake mapajani. Akakohoa kile kikohozi chake. "Daktari, huyu akianza, mbuzi wa jirani wanasimama." Nilitamani ardhi ipasuke. Mwanamke wa Kinubi, mwalimu, mwenye wajukuu wawili, anaanikwa namna hiyo mbele ya kijana ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha!

Mimi nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya presha. Nilikuwa nameza dawa za aina tatu na presha haitaki kushuka, na ndiyo maana akauliza habari za usingizi. Akaendelea: Unaamka na kichwa kinauma? Ndiyo. Unakwenda msalani usiku? Mara tatu, nne. Unasinzia mchana? Hapo nikacheka, maana nilikumbuka Wobulenzi. Mara mbili nimepanda taksi Kampala kurudi nyumbani Bombo, nikasinzia kabla hata hatujaimaliza foleni ya Kawempe, nikaja kuamshwa na kondakta Wobulenzi, Bombo tumeshaiacha nyuma zamani. Mara ya pili kondakta alikuwa yuleyule.

Kila dalili nilikuwa nimeshaipa mzazi wake. Kichwa ni jua. Msalani ni umri. Usingizi wa mchana ni kazi, maana tangu mtaala mpya wa 2020 ulipofanya Kiswahili kuwa lazima S1 na S2, yaani kidato cha kwanza na cha pili, madaftari ya kusahihisha hayaishi. Kuna insha ya mtoto mmoja niliyoisahihisha hadi katikati, halafu kalamu nyekundu ikashuka kama mto kutoka aya ya pili hadi chini ya ukurasa. Nilimwambia kwamba huo mstari maana yake "rudia". Akarudia, maskini. Sijawahi kumwambia ukweli.

Lakini mzazi mkubwa wa dalili zote alikuwa uvivu. Niliamini kabisa kwamba mimi ni mtu mvivu anayejitahidi.

Kipimo nilikifanyia nyumbani, usiku mmoja: mkanda kifuani, mrija mwembamba puani, kibano chenye taa nyekundu kidoleni. Majibu yalisema nakosa pumzi mara 38 kwa saa. Daktari akaniambia kwamba chini ya 5 ni kawaida, na kuanzia 30 kwenda juu ni hali kali. Tena kila tukio huhesabiwa likifika sekunde 10 au zaidi, na langu refu kuliko yote lilikuwa la sekunde 47. Jaribu kushika pumzi sekunde 47 ukiwa macho uone.

Alinieleza vizuri, lazima nimshukuru. Tukilala, misuli ya koo hulegea, ulimi hurudi nyuma, njia ya hewa hushikamana kama kavera, mfuko wa plastiki, iliyolowa. Mwili unakosa hewa, ubongo unashtuka, unakuamsha kidogo tu, huwezi hata kukumbuka, na kila mshtuko unaisukuma presha juu. Mashine hii, CPAP, inapuliza hewa bila kukoma ili kavera isishikane. Haikupi oksijeni wala dawa. Ni hewa ya chumbani kwako, inayosukumwa tu. Shinikizo lake hupimwa kwa sentimita za maji, na madaktari wenyewe nao huliita presha. "Kwa hiyo, Mama," akasema, "tunakupa presha ili tupunguze presha." Kama mwalimu wa lugha nilimpa alama zote.

Usiku huo mume wangu akanisikilizisha alichokirekodi kwenye simu wiki moja kabla, bila ruhusa yangu. Nilikuwa tayari kugomba. Ukaanza ule mkoromo, unapanda, unapanda, halafu kimya. Kimya kirefu, panzi wa nje wanasikika. Kisha mkwaruzo, kama mtu anayeibuka kutoka majini. Sikugomba. Sauti ile si yangu. Ni ya mama.

Mama yangu alikoroma hivyohivyo, pamoja na vile vimya. Tulipokuwa watoto, mimi na mdogo wangu tulilala chumba kimoja naye, na tulikuwa na mchezo: akinyamaza tunahesabu, anayekisia namba sahihi anapata gurusa, mkate wetu wa Kinubi, ya mwenzake asubuhi. Watu walimsifu mama kwa usingizi mzito, usingizi wa mtu asiye na deni. Alifariki akiwa na miaka 61, amelala, na matangani kila mtu alisema ni kifo cha heri, hakusumbuka. Nami nilisema hivyo. Sijui chochote kuhusu usiku ule, na mama naye alikuwa na presha na sukari. Lakini tangu nisikie ile simu, neno "hakusumbuka" halinipiti kooni.

Basi, mashine. Nilikopa SACCO ya walimu, na kwenye fomu, pale panapoulizwa madhumuni, nikaandika "matibabu". Karani akauliza matibabu gani. Nikasema ya usingizi. Akanitazama kama niliyeomba mkopo wa kununua mto.

Usiku wa kwanza nilidumu dakika arobaini. Daftari linasema: "Kama kutoa kichwa dirishani kwenye basi la Gulu." Barakoa ilikuwa ile kubwa ya kufunika pua na mdomo. Inavuja juu, hewa inaingia machoni. Nikikaza mikanda, inavuja chini. Nywele nilikuwa nimezisuka wiki ileile, matuta manene, mikanda inakaa juu ya matuta kama kamba juu ya magunia. Hakuna kijitabu cha mashine kinachoandika habari za matuta. Siku hizi nasuka mistari midogo ya kulala, navaa kitambaa chepesi cha hariri, mikanda inapita juu yake.

Halafu chandarua. Mpira wa mashine una urefu wa karibu mita mbili, na lazima uingie ndani. Ukiinua chandarua kwa juu, mbu wanaingia nao. Ukiupitisha chini ya godoro, unabanwa. Mume wangu alikaa sakafuni na tochi nusu saa, mwisho akaupitisha upande wa kichwani, akakunja chandarua kuuzunguka na kukibana kwa vibanio viwili vya nguo. Mjukuu wetu wa miaka minne alipochungulia asubuhi akakimbia akipiga kelele kwamba bibi ameota mkonga. Jina likabaki. Sasa kila jioni ananiuliza kama tembo amekunywa maji.

Anakunywa, tena maji maalumu. Kuna tangi dogo linalotia unyevu kwenye hewa ili koo lisikauke, na linataka maji yaliyokenekwa, yaani ya mvuke uliopozwa. (Neno hilo nimelifundisha miaka ishirini bila kuwahi kuyanunua.) Kijana wa kituo cha mafuta aliniletea "maji ya betri", akauliza nina gari gani. Nikasoma chupa mara mbili, maana kwa jina hilohilo kuna mahali wanakuuzia asidi. Tafadhali, someni chupa. Yakiisha, natumia yaliyochemshwa na kupoa. Yanaacha ukoko mweupe tangini, nausugua.

Kilichonisumbua zaidi si hewa nyingi, ni hewa chache. Mashine ilikuwa imewekwa ianzie presha ya 4 na kupanda taratibu, eti kumbembeleza mgeni. Kwangu ile 4 ilikuwa kama kuvuta pumzi kupitia mrija wa soda. Nililala kila usiku nikidhani mwili wangu umeikataa mashine. Nilipompigia daktari kulalamika, akaniambia nilete mashine, akapandisha mwanzo kuwa 7. Dakika mbili za kazi, baada ya siku tisa za mateso. Laiti ningepiga simu siku ya pili. Papo hapo akanibadilishia barakoa, nikapata ndogo ya pua pekee, na alama za mikanda mashavuni zikapungua. Kabla ya hapo walimu wenzangu walikuwa wakiniuliza kama nimelalia mkeka.

Pia alinishauri niivae mchana, nikiwa macho, bila nia ya kulala. Nikawa nasahihisha insha jioni nimevaa mkonga, mashine inavuma mezani. Shemeji yangu akaja bila hodi, akasimama mlangoni, akasema "Inna lillahi". Nilishindwa kumjibu, maana ukiwa na barakoa ya pua ukifungua mdomo hewa yote inatokea humo, unatoa sauti ya bomba lililopasuka. Nikamwonyesha kiti.

Usiku wa 11 nililia. Nilikuwa nimemeza hewa, tumbo limejaa kama ngoma, nabeua kitandani mbele ya mwanaume niliyeolewa naye miaka 27. Niliivua nikaitupa juu ya kabati. Yeye hakunibembeleza, si tabia yake. Akawasha simu akaanza kusoma kwa sauti kwamba mtu aliyebuni tiba hii ni daktari wa Australia, Colin Sullivan, aliyeitangaza mwaka 1981, na kwamba mashine za mwanzo zilitumia mota ya kifagio cha umeme, ile ya kufyonza vumbi, ikageuzwa ipulize. Nami nikamwuliza kabla ya hapo watu walikuwa wakifanyaje. Akasoma, akanyamaza. "Walitobolewa koo." Nikasimama juu ya stuli kuifuata mashine.

Anavyoteseka yeye sijaandika. Barakoa ina matundu ya kutolea pumzi, na nikilalia ubavu yanampuliza kisogoni usiku kucha. Sasa analala na kofia ya sufu, Bombo hapa, kwenye joto hili.

Umeme nao. Kwenye usiku wa 17 kulikuwa na radi, yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa na yuniti za kutosha lakini mtaa wote ukazima. Niliamka mdomo wazi, barakoa puani, hewa hakuna, na kwa sekunde kadhaa sikujua niko wapi. Hukosi pumzi hadi kufa, mdomo unajifungua wenyewe, ila hofu ni hofu. Fundi sola akatufungia betri na kidude cha kupandisha volti 12 kuwa 24 zinazotakiwa na mashine yangu. Usiku wa betri nazima tangi la unyevu, maana kipasha joto chake ndicho kinachokula umeme. Bila hilo, mpulizo wenyewe unakula kidogo sana, na betri inafika alfajiri.

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo nilichokisubiri. Usiku wa 23 nilisikia adhana ya alfajiri, nikakaa kitandani, nikajiuliza ni kitu gani kimepungua. Ilinichukua muda. Sikuwa nimekwenda msalani hata mara moja. Wiki iliyofuata niligundua, nikiwa naandika ubaoni saa nane mchana, saa ambayo kwangu miaka yote ilikuwa kaburi, kwamba nina hamu ya kuendelea na kipindi. Wanafunzi hawakuwa na hamu hiyo.

Mashine inaniandikia 3 au 4 kwa saa sasa, mahali pa 38. Kuna usiku navua bila kujua saa tisa, na asubuhi kichwa kinanishtaki. Presha imeshuka kidogo tu, na dawa zote tatu bado nameza, hilo niliseme wazi, kwa sababu shemeji yuleyule anatangaza kwamba tembo ameniponya. Na nikilala tena baada ya daku, lazima nivae upya. Uchovu wa kuvaa mara mbili usiku mmoja ni mkubwa kuliko wa kufunga.

Kitu kinachonisumbua ni jingine. Kama haukuwa uvivu, basi miaka yote ile nilikuwa nani? Nilikataa kuwa mkuu wa idara mara mbili. Nilisema siwezi.

Leo nimekuja Arua, kwa mdogo wangu, yule wa mchezo wa gurusa. Nimebeba mashine kwenye begi lake, askari wa kituo cha basi akaifungua, akafikiri ni redio. Mdogo wangu ameicheka sana, akaipiga picha, akasema kweli mimi nimezeeka. Nikamwuliza kama anakoroma. "Mimi? Hapana. Labda nikichoka."

Sasa ni saa saba usiku. Tumelala chumba kimoja, kama zamani. Barakoa nimeivua kwanza, naandika kwa mwanga wa simu. Alianza kitambo, unapanda, unapanda. Amenyamaza. Nimefika ishirini na sita. Ishirini na saba.

Amerudi. Simu inarekodi.