Marekani ilipokuwa na serikali kuu isiyo na hela

Watu wakiongelea Marekani wanaanzaga na katiba ya 1787 kana kwamba nchi ilizaliwa nayo, wanairuka kabisa ile miaka michache ya kabla ambapo majimbo 13 yalijaribu kuishi pamoja na serikali kuu ambayo haina nguvu hata kidogo. Mimi hiyo miaka naipenda kuisoma kuliko yote.

Mkataba wao wa kwanza wa shirikisho Kongresi, yaani baraza la wajumbe wa majimbo, iliupitisha Novemba 1777, vita na Mwingereza bado inawaka, ila ukaja kuanza kazi Machi 1781 baada ya Maryland kukubali mwishoni kabisa. Ukiusoma unaona woga mtupu, na ulikuwa woga wenye sababu jamani, hawa watu walikuwa wanapigana kuondokana na bunge la London lililowatoza kodi bila kuwauliza, sasa nani angekubali kutengeneza lingine la hivyo hivyo nyumbani kwake? Kwa hiyo kila jimbo likabaki na mamlaka yake, kila jimbo kura moja, Virginia kubwa na Delaware ndogo sawa sawa, hakuna rais wa kutekeleza mambo, hakuna mahakama kuu ya taifa, mambo mazito kama vita na mikataba yanataka majimbo 9, na kubadilisha kipengele chochote lazima wote 13 wakubali.

Kugawana madaraka hivyo mimi sina neno. Kilichoniumiza ni hela. Kongresi ilipewa kazi ya kuendesha vita, kukopa na kuongea na mataifa ya nje, lakini haikuruhusiwa kutoza kodi hata senti moja, ilikuwa inayaandikia majimbo kwamba mgao wako ni huu, tuma, na jimbo lisipotuma hakuna wa kuligusa. Mengi yakatuma kidogo au yakachelewa, yenyewe yana madeni yake, halafu kila moja linamchungulia jirani kama ametoa. Mwaka 1781 wakaomba ushuru wa asilimia 5 tu kwa bidhaa zinazotoka nje, Rhode Island peke yake ikakataa na mpango ukafa. Wakaleta mwingine 1783, huo nao ukaja kukwama kwa New York. Yaani jimbo moja linawazuia wengine wote 12!

Juni 1783 sasa ndio hela ikawafuata mlangoni. Askari mamia wanaodai mishahara yao walilizunguka jengo la Philadelphia walimokuwa wabunge, na silaha mkononi, vilabu vya jirani vinawapa pombe, wanatukana na kuelekeza bunduki madirishani. Kongresi haina askari wa kuilinda, ikabidi iombe serikali ya Pennsylvania iite wanamgambo wake. Kiongozi wa Pennsylvania wakati huo alikuwa John Dickinson, na huyu ndiye aliyeandika rasimu ya kwanza ya mkataba wenyewe! Yeye na baraza lake hawakuita wanamgambo, waliona hao vijana wanaweza wasitii. Basi Kongresi ikafungasha ikahamia Princeton, baadaye Annapolis, na huko Annapolis ilihangaika kupata wajumbe wa majimbo 9 ili tu kuidhinisha mkataba wa amani na Uingereza, ikafanikiwa Januari 14, 1784. Nchi imeshinda vita halafu inakosa watu wa kupiga kura ya kukubali ushindi, mimi hapo nasikitika kabisa.

Yaliyofuata yanajulikana. Waingereza waligoma kuondoka kwenye ngome kama Detroit na Niagara wakisema majimbo hayaheshimu madeni ya wafanyabiashara wao, na Kongresi haikuwa na namna ya kuyalazimisha. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts waliolemewa na kodi na madeni wakaanza kufunga mahakama, Daniel Shays akiwa mmoja wa viongozi wao, na jeshi la kuwazima likalipiwa na matajiri wa Boston kutoka mifukoni mwao.

Ila tusiwaonee, hiyo hiyo Kongresi dhaifu Julai 1787 ilipitisha sheria ya maeneo ya kaskazini magharibi, ikapiga marufuku utumwa huko na kuweka utaratibu wa maeneo mapya kuwa majimbo kamili. Na walioogopa serikali kuu kubwa walikuwa na hoja, bila kelele zao sidhani kama yale marekebisho 10 ya katiba, ya mwaka 1791, yanayolinda haki za watu na mamlaka ya majimbo yangepatikana.

Wajumbe wa majimbo walipokutana Philadelphia 1787 kuandika katiba mpya, Rhode Island haikutuma mtu. Safari hii wakaandika kwamba majimbo 9 yakikubali katiba inaanza kazi kwa hayo yaliyokubali, hawakutaka tena kusubiri wote 13. Serikali mpya ikaanza 1789, na Julai 4 mwaka huo huo Rais George Washington akasaini sheria ya ushuru wa bidhaa za nje, ule ule uliokwama miaka yote hiyo. Rhode Island yenyewe ilikuja kujiunga Mei 1790, kwa kura 34 dhidi ya 32.