Nyama ya Ng'ombe ya Kuoka na Sosi ya Krimu na Pilipili: Nilivyoipatia Mara ya Nne

Mara tatu mfululizo niliitoa nyama kwenye oveni ikiwa imependeza kwa nje na kukauka ndani. Mara ya tatu hata sosi ilikatika. Krimu ilijitenga ikawa chembechembe nyeupe zinazoelea juu ya maji yenye mafuta, na watu walikuwa wameshakaa mezani. Walikula na kushukuru, ila niliwaona walivyokuwa wakitafuna kwa muda mrefu. Usiku ule nilijiapiza kwamba sitaongeza kiungo hata kimoja kwenye pishi hili mpaka nijue linaharibikia wapi.

Kwanza nilikuwa nanunua nyama isiyofaa kuokwa. Nilichukua ya bega kwa sababu ilionekana nono. Bega na shingo ni misuli inayofanya kazi mchana kutwa, imejaa utando mgumu unaoshikilia nyuzi za nyama, na utando huo hulainika kwa saa nyingi za moto wa polepole. Ni nyama tamu sana kwenye mchuzi. Kwa kuoka nataka sehemu ya mgongo, au paja la ndani likikosekana, kipande kimoja kinene cha kama kilo moja na nusu. Kikiwa kimepwaya nakifunga kwa uzi wa pamba ili unene uwe mmoja toka mwanzo hadi mwisho.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kupika kwa saa ya ukutani. Nilikuwa nimeshika hesabu ya dakika kadhaa kwa kila kilo na kuifuata kama amri. Lakini kilo moja ya kipande kirefu chembamba na kilo moja ya kipande kifupi kinene haziivi kwa wakati mmoja, maana joto huingia kutoka nje kuelekea katikati, na safari yake inategemea unene. Nikanunua kipimajoto cha nyama, kile chenye sindano ndefu. Sijawahi kununua chombo cha jikoni kilichonisaidia kuliko hicho.

Katikati ya kipande ikiwa nyuzijoto 55 za Selsiasi, nyama ni nyekundu bado na laini mno. Ikifika 60 na kitu inakuwa ya waridi. Ikivuka 70 imekuwa ya kijivu, imejikaza na kukamua maji yake mwenyewe. Huko ndiko nilikokuwa naipeleka kila mara bila kujua. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri kipande kizima cha nyama ya ng'ombe kifike nyuzijoto 63, kisha kipumzike angalau dakika 3. Nami nalenga hapo hapo, kwa kuwa napikia watoto na wazee, na kusema kweli kwa ulimi wangu ndipo inaponoga.

Chumvi naipaka jioni ya siku iliyotangulia. Vijiko vitatu vya chai vya chumvi laini, pande zote, kisha nyama inalala kwenye friji juu ya waya bila kufunikwa, peke yake kwenye rafu ya chini. Mwanzoni utaona inatoa jasho. Usiifute. Maji yale yanayeyusha chumvi, halafu yanarudi nayo ndani taratibu, na kufikia asubuhi ngozi ya nje imekauka kabisa. Ukavu huo una kazi. Nyama yenye majimaji ikiwekwa kikaangoni hutokota kwanza kwa mvuke, na haiwezi kupata ile rangi ya kahawia mpaka maji yaishe.

Kwa hiyo kikaango kizito, mafuta kidogo, moto mkali, dakika mbili kila upande. Niliambiwa mara nyingi kwamba kuibabua hivyo kunafungia maji ndani. Si kweli. Sikiliza kikaango: ile sauti ya kuchachatika ni maji yanayoendelea kutoka. Tunaibabua kwa ajili ya ladha na harufu, na hiyo inatosha.

Oveni naiweka nyuzijoto 130. Mwanzo nilitumia 200, na matokeo yake nje ilikuwa imeshapitiliza wakati katikati bado. Kwa moto wa chini kipande changu huchukua saa moja na robo, pengine zaidi, lakini naanza kuchoma sindano baada ya dakika 50. Ikisoma 60 naitoa. Joto lililo nje linaendelea kuingia ndani hata ikiwa mezani, na zile nyuzijoto tatu zilizobaki hujileta zenyewe. Sindano naiacha humo ili nihakikishe. Inapumzika dakika 20, imefunikwa kwa foili iliyolegea.

Dakika hizo 20 ndizo za sosi. Mwanzo nilikuwa naipika pembeni, kwenye sufuria safi, kumbe ladha yote ilikuwa imebaki kwenye kikaango nilichobabulia nyama! Ule ukoko wa kahawia chini yake ndio msingi (ukiwa mweusi umeungua, uutupe). Naweka siagi kijiko kikubwa, kitunguu maji kimoja kilichokatwa vidogo sana, moto mdogo hadi kilainike. Kisha vitunguu saumu punje tatu, pilipili mbichi mbili, na pilipili manga niliyoiponda kwa kinu ibaki na vipande. Hivi vinakaangwa kama dakika moja kwenye siagi kabla kitu chochote cha majimaji hakijaingia, kwa sababu ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, kwenye maji hauyeyuki. Ukiitia pilipili baadaye inakaa pembe moja na kumvizia mlaji. Ikikaangwa hivi, inasambaa kwenye krimu yote na kuja polepole.

Namimina supu ya mifupa kikombe kimoja, nakwangua ukoko kwa mwiko wa mbao, naiacha ichemke ipungue nusu. Ndipo napunguza moto na kutia krimu nzito kiasi kile kile, na kijiko cha chai cha haradali. Sosi yangu ilikatika siku ile kwa sababu tatu kwa pamoja: nilitumia krimu nyepesi, niliichemsha kwa nguvu, na nikakamulia limau papo hapo ikitokota. Krimu yenye mafuta ya asilimia 30 na zaidi huvumilia moto. Limau siku hizi linaingia mwisho, sufuria ikiwa chini. Onja pilipili baada ya krimu, maana krimu huituliza sana. Na maji yaliyovuja kwenye ubao wa kukatia narudisha yote ndani ya sosi.

Bado kuna kukata. Tazama nyuzi za nyama zimelala upande gani, kisha ukate kuzikingama, vipande vyembamba. Nilimpa mdogo wangu vipande viwili vya nyama ile ile, kimoja nimekata kufuata nyuzi, kingine kuzikingama, bila kumwambia. Akaniuliza kwa nini nimepika nyama mbili.

Kinachobaki nakiweka kwenye friji kabla saa mbili hazijapita. Kesho yake napasha sosi peke yake kwa moto mdogo na kijiko cha maji, naiepua, ndipo naizamisha nyama iliyokatwa vyembamba ipate joto humo. Nikiichemsha pamoja na sosi, inarudi kuwa ile nyama ya mara ya kwanza.