Kiti cha gari cha mwanangu nilikichagua kwa kilo na sentimita

Kwenye maduka ya Kariakoo swali la kwanza ni "ana umri gani?", kisha unaoneshwa boksi. Mimi nilikwenda na kadi ya kliniki yenye uzito wake, na urefu niliompima nyumbani kwa futi kamba. Watoto wa umri mmoja hawalingani miili, kwa hiyo umri nilitaka uje mwisho.

Kile kiti cha kwanza chenye mpini kilikuwa kinaelekea ukomo wake, kilo 13, na utosi ulikaribia ukingo wa juu. Hicho ndicho cha kuangalia, utosi. Miguu ikikunjana haina neno, watoto hupenda hata kuipandisha juu ya siti.

Muuzaji akanishauri kiti kinachotazama mbele. "Dada, huyu keshakuwa mkubwa." Nikamwomba kinachotazama nyuma hadi kilo 18. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kwa shingo yake. Gari likigonga kwa mbele huku mtoto ametazama nyuma, kiti hupokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Akiwa ametazama mbele, mikanda hushika mabega na kichwa kikarushwa chenyewe. Kanuni ya R129, ya Umoja wa Mataifa kuhusu viti vya watoto vya gari, hairuhusu kumgeuza mbele kabla ya miezi 15, na hicho ni kima cha chini tu.

Nilitafuta stika ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, alama kwamba kiti kimeidhinishwa, na namba ya kanuni yake: R44/04, ile ya zamani, hupanga viti kwa kilo, R129 huanza na sentimita. Vya mtumba nilivipita, japo vingine vilikuwa visafi kuliko vipya. Nani atakwambia kama kilishapata ajali?

Kazi kubwa ilikuwa gari lenyewe. Nilipenyeza vidole kati ya mgongo wa siti ya nyuma na sehemu ya kukalia nikagusa vyuma vya ISOFIX, yaani vile vya gari vya kunasia kiti cha mtoto bila mkanda, ila viti vya kufunga kwa vyuma hivyo vilizidi mfuko wangu. Nikaamua cha mkanda wa gari, kwa sharti kwamba tukijaribu kabla sijalipa. Cha kwanza kilishindikana pale pale, mkanda ulikuwa mfupi. Cha pili kilikaa: nilikishika pale mkanda unapopita, nikakitikisa, hakikusogea hata sentimita 2.5. Siti ya mbele hata sikuifikiria, kwa sababu mfuko wa hewa ukilipuka hupiga mgongo wa kiti, na kichwa cha mtoto kiko hapo hapo.

Mikanda yake ya mabega naiweka usawa wa mabega au chini kidogo, naikaza mpaka vidole vishindwe kuifinya ikakunjika. Tulipokwenda Njombe kwenye baridi ya Juni nilimvua sweta kwanza, nikamfunga, blanketi likaja juu ya mikanda. Mama mkwe alicheka: "Mwanangu, mbona umemgeuza ukutani kama aliyeadhibiwa?" Nikamweleza habari ya shingo. Siku hizi ndiye anayenikumbusha kukaza.

Akizidi kilo 18 atageuka mbele. Baadaye kitakuja kiti cha kumnyanyua, hadi mkanda wa gari upite katikati ya bega na chini kwenye nyonga, bila kugusa shingo wala tumbo. Wengi hufika hapo wakiwa na sentimita 135 hadi 150.